Injini Mbovu na Haki ya Aliyeinunua



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo huanzia gereji likaishia jikoni. Nalo ni injini kukuu iliyofunguliwa na kutengenezwa upya, ikauzwa kwa maneno mazuri, ikafungwa garini, kisha haikumaliza mwezi ila imekufa. Si jambo dogo hili. Katika miji yetu ya pwani nyumba nyingi zategemea injini moja tu: ya matatu, au ya tuktuki, au ya pikapu ya kupelekea mboga sokoni. Siku injini hiyo inaponyamaza, karo ya watoto husimama, kodi ya nyumba husimama, na aghalabu fedha zilizoinunua zilikuwa za mkopo, au za dhahabu ya mke iliyouzwa.

Watu wafikwapo na msiba huu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema, "Nimemwachia Mungu," wakakaa kimya, na kimya chao wakakiita subira. Fungu la pili huenda dukani na vijana wanne, wakatukana, wakavunja kioo, na jioni yake aliyedhulumiwa ndiye aliyeketi kituo cha polisi. Wote wawili wamekosea njia. Subira si kuacha haki ipotee huku mlango wa kuidai u wazi, na haki haidaiwi kwa kufanya dhuluma nyingine. Tutakalolieleza leo ni hili: madai ya injini mbovu hushinda au hushindwa zamani kabla ya kufika mbele ya hakimu. Hushinda siku ya kununua, na hushinda katika siku chache za kwanza baada ya ubovu kuonekana. Anayezichunga nyakati hizo mbili huwa na la kusema. Anayezipoteza, hata akiwa na haki, huenda mbele ya hakimu mikono mitupu.

Ni kitu gani hasa ulichonunua?

Kwanza yapasa kujua tofauti, kwa kuwa dukani maneno huchanganywa. Kuna injini iliyotolewa katika gari kukuu nchi za ng'ambo, kama vile Japani, ikaletwa ilivyo bila kufunguliwa. Hiyo ni injini ya mtumba. Na kuna injini iliyofunguliwa yote, mitungi yake ikapimwa na kuchongwa panapohitajika, ikatiwa ringi mpya, beringi mpya na gasketi mpya, krenki ikasafishwa na kupimwa, njia za oili zikazibuliwa, kisha ikafungwa tena kwa vipimo vya mtengenezaji wake. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa injini iliyotengenezwa upya, na bei yake huwa juu kwa sababu ya kazi hiyo.

Sasa kuna wenye kuosha injini ya mtumba kwa mafuta, wakaipaka rangi ya fedha, wakabadilisha gasketi ya juu tu, kisha wakaiuza kwa jina la ile ya pili. Mnunuzi huona rangi, wala haoni beringi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji si bei. Mwulize ni vyombo gani vilivyobadilishwa, na umwambie aviandike kimoja kimoja katika risiti. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa kweli haoni uzito wa kuiandika.

Na ikiwa injini ni yako mwenyewe, ukampelekea fundi aifungue na kuitengeneza, basi hapo hukununua injini bali umeajiri kazi. Dai lako litakuwa juu ya ubaya wa kazi na wa vipuri alivyotia. Kadhalika ujue umenunua kwa nani. Mara nyingi fundi hukupeleka dukani kama dalali tu, na fedha hupokewa na mwenye duka. Wa kudaiwa ni yule mliyefanya naye mapatano na akapokea thamani. Kwa hiyo litazame jina lililo katika risiti, na lile la kupokelea fedha kwa simu, uone kama ni moja. Madai mengi huchelewa kwa kuwa mdai amemshitaki asiyehusika.

Waliyosema wanavyuoni

Kila aliyesoma vitabu vidogo vya fiqhi amepita katika mlango wa biashara, lakini wengi huusoma kana kwamba wahusu ngamia na tende peke yake. Mlango huo wahusu injini vilevile. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa pwani yetu, mnunuzi aliyekuta aibu ya zamani katika kitu, aibu ipunguzayo thamani yake au manufaa yake, ana hiari ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Hiari hiyo haikutegemea ukarimu wa mwuzaji, bali ni haki.

Lakini wanavyuoni hao hao wameitia haki hiyo sharti ambalo watu hulisahau. Kurudisha kwatakiwa kuwe mara moja, kwa kadiri ya desturi, tangu aibu ilipojulikana. Na mnunuzi aache kukitumia kitu hicho. Akiendelea kukitumia ilhali amekwisha ijua aibu, huhesabiwa kuwa ameridhika nayo. Na ikiwa kimepata aibu nyingine mpya mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha mwuzaji kukipokea vivi hivi. Hapo hupatana juu ya arshi, yaani fedha za kufidia upungufu.

Fauka ya haya, mwuzaji kusema, "Nimekuuzia, wala simo katika aibu yake yoyote," hakumtoi katika lawama. Kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kuwa sharti kama hilo humwokoa tu katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua. Injini si mnyama. Na habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta majimaji chini yake, yajulikana na watoto wa madrasa. Alimwuliza mwenye mali kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona, na akamtoa mdanganyifu katika jamii yake. Basi rangi ya fedha juu ya beringi zilizolika ni ile ile nafaka kavu juu ya nafaka iliyorowa.

Isemavyo sheria ya nchi

Tutasema sheria ya Kenya, kwa kuwa ndiyo tuijuayo zaidi. Wasomaji wetu wa Tanzania Bara wana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyotoka katika shina hilo hilo, ijapokuwa mahakama zao zina mpango wake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ilianza kutumika mwaka 1931, nayo iliigwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Katika kifungu cha 16 yasema, kwa maana, kuwa ukimjulisha mwuzaji kazi unayokitakia kitu, ukategemea ujuzi wake, na biashara yake ni kuuza vitu hivyo, basi kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Tena kitu kinunuliwacho kwa sifa zake kutoka kwa mfanya biashara wa vitu hivyo lazima kiwe cha ubora unaostahili kuuzika. Masharti haya yamo katika mapatano hata kama hayakutamkwa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kiasi, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro zake.

Walakini kifungu cha 16 kina mlango wa kutokea. Ikiwa mnunuzi amekikagua kitu, hana dai juu ya kasoro ambazo ukaguzi huo ulitakiwa kuzifichua. Kwa hiyo usitie saini chini ya maneno "nimeikagua na nimeridhika" iwapo uliiona kwa nje tu. Andika ulichokiona: "nimeiona ikiwa chini, haijawashwa." Na yale maneno yaliyochapwa chini ya risiti kuwa bidhaa zikiuzwa hazirudishwi yasikutishe upesi, hakimu atauliza kama uliyajua na kuyakubali kabla ya kulipa, au ulipewa karatasi baada ya fedha kutoka mkononi.

Huenda mtu akasema, "Lakini kitu kikuu ni kikuu, nani atanisikiliza?" Na tutazame mashauri mawili ya Uingereza, ambayo mahakimu wetu huweza kuyazingatia ijapokuwa hayawafungi. Shauri la kwanza lilikatwa na Mahakama ya Rufani. Mtu alinunua gari kukuu lililokwisha kwenda zaidi ya maili 82,000. Baada ya wiki tatu na maili zipatazo 2,300 injini ikakwama. Mwuzaji alitoa hoja kuwa gari lilitembea siku aliyoliuza. Mnunuzi alishinda. Kilichompa nguvu ni ushahidi, kwa kuwa yule aliyekuwa na gari hilo kabla ya kuuzwa alieleza kuwa injini ilikuwa imechakaa kabisa tangu siku ile. Mahakama ikaona kuwa injini iliyokufa upesi vile haikuwa ikifaa tangu siku ya mauzo.

Shauri la pili ni la gari jipya lililonunuliwa Disemba mwaka 1984. Baada ya wiki tatu hivi, na maili kama 140 tu, injini ilikufa kwa sababu tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeziba njia ya oili. Mahakama ilikubali kuwa gari halikuwa la ubora uliostahili. Hata hivyo mnunuzi hakuruhusiwa kulirudisha, kwa kuwa muda wa kulikataa ulihesabiwa kuwa umepita. Alipewa fidia tu. Siku hizi Uingereza imebadilisha jambo hilo, na tangu mwaka 2015 sheria yao humpa mnunuzi wa kawaida siku 30 za kukataa. Sheria yetu bado yasema "muda wa kiasi", bila kutaja siku. Basi usingoje.

Twaona hapa sheria ya mahakama na maneno ya wanavyuoni yamekutana mahali pamoja: aliyeijua aibu akanyamaza, amejipunguzia haki yake kwa ulimi wake mwenyewe.

Ndugu wawili, duka moja

Tupige mfano. Ndugu wawili wamenunua injini mbili za namna moja, duka moja, kila mmoja kwa shilingi 180,000, kwa ajili ya pikapu za kazi. Baada ya siku kumi na tisa zote mbili zikaanza kugonga kwa ndani, moshi wa buluu ukatoka nyuma, kisha zikanoki.

Ndugu wa kwanza aliusikia mgongo wa sauti ile siku tatu nzima, lakini alikuwa na mzigo wa kupeleka, akaendelea kuendesha hadi injini ikafa njiani. Usiku ule ule kwa hasira akamwita fundi wa mtaani, wakaifungua chini ya taa. Beringi walizikuta zimelika, wakazitupa pembeni. Oili ikamwagwa mchangani. Baada ya wiki mbili akaenda dukani. Mwuzaji akamwuliza, "Nani aliyeifungua? Nitajuaje kuwa beringi hizi ni za injini yangu? Nitajuaje kuwa hukuiendesha bila oili?" Hakuwa na jibu, na yumkini mwuzaji alikuwa mwongo. Lakini mwongo mwenye swali lisilo na jibu huwa na nguvu kuliko mkweli asiye na ushahidi.

Ndugu wa pili aliposikia kugonga alizima gari pale pale, akalivuta kwa gari jingine. Kabla ya kulala aliandika ujumbe wa simu kwa mwuzaji: injini uliyoniuzia tarehe fulani, yenye namba fulani, leo imeanza kugonga na kutoa moshi, nimeizima, sikuifungua, siikubali, na nakuita uje uione au utume fundi wako. Kesho yake akapeleka maneno hayo hayo kwa barua, akabaki na nakala iliyotiwa saini ya kupokelewa. Alingoja siku tano. Mwuzaji hakuja. Ndipo akamwita fundi mwenye cheti asiye jamaa yake wala rafiki yake, injini ikafunguliwa mbele ya shahidi mmoja, ikapigwa picha kila hatua, namba ya injini ikionekana. Oili ilitiwa katika chupa safi, chujio likahifadhiwa, na beringi zikafungwa katika mfuko na kuandikwa tarehe. Fundi akaandika ripoti: beringi zilikuwa kukuu, wala hazikubadilishwa kama risiti ilivyodai, oili ilikuwa ya kutosha, wala hapakuwa na dalili ya injini kuchemka.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo roho ya shauri zima. Mwuzaji wa injini ana hoja tatu za siku zote: fundi wako aliifunga vibaya, au hukutia oili, au uliichemsha kwa rejeta mbovu. Ripoti ikizijibu zote tatu kabla hazijatamkwa, hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye kutengeneza injini ng'ambo hubandika juu yake kidude kidogo chenye kuyeyuka joto likipita kiasi. Ukikiona usikiguse, kikibaki kizima ni shahidi wako.

Hesabu ya madai

Aliyekataa injini hudai kurudishiwa thamani yake. Aliyeshindwa kuirudisha, kwa kuchelewa au kwa sababu nyingine, hakupoteza yote; sheria humruhusu kudai fidia ya upungufu. Na katika njia zote mbili huweza kudai hasara iliyotokana na ubovu wenyewe kwa njia ya kawaida.

Mahakama zetu zina kanuni moja ambayo yafaa kila mdai aikariri: hasara ya fedha zilizotoka mfukoni lazima itajwe waziwazi katika madai, kisha ithibitishwe kwa ukali. Kukadiria hakutoshi. Hesabu ya yule ndugu wa pili iwe hivi: injini shilingi 180,000, kuifunga 15,000, oili na chujio 6,500, kuvuta gari 4,000, ripoti ya fundi 5,000. Jumla yake ni shilingi 210,500, na kila moja ina karatasi yake. Ama pato lililopotea, kama ana daftari la kila siku lionyeshalo kuwa baada ya matumizi hubaki shilingi 2,000, na gari lilisimama siku 20, atadai 40,000. Asiye na daftari atapata tabu kubwa kulipata hilo. Wala asiliache gari lisimame miezi minane ili hasara ikue. Mdai atakiwa kuipunguza hasara yake kwa kadiri awezavyo, na hakimu atauliza alifanya nini.

Pa kwenda

Suluhu kwanza. Peleka barua ya madai, taja fedha unazodai na sababu yake, toa muda wa siku 7 au 14, na useme kuwa baada ya hapo utakwenda mahakamani. Pengine wazee wa mtaa au imamu wa msikiti waweza kuwakalisha pamoja. Mkipatana, andikeni mapatano, fedha na tarehe, na mashahidi watie saini. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani yahusu kuandika deni na kushuhudisha, basi Mwislamu asione haya kumwambia Mwislamu mwenziwe, "Tuandikiane."

Suluhu ikishindikana, watu wengi huuliza, "Je, niende kwa Kadhi?" La. Kwa Katiba ya Kenya, kifungu cha 170, mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Mauzo ya injini hayamo. Kadhi aweza kuwanasihi kama mzee mwenye elimu, lakini hukumu ya shauri hili si yake.

Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mauziano ya bidhaa yametajwa waziwazi katika kazi zake. Huhitaji wakili, waweza kusimama mwenyewe. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo jumbe za simu, picha na risiti za kulipia kwa simu zitatazamwa. Sheria imeiwekea siku 60 tangu madai yaandikishwe hadi yakatwe. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, lakini juu ya jambo la sheria tu. Kwa hiyo mambo yote ya kweli, yaani tarehe, vipuri, fedha na mashahidi, yatoe hapo mwanzo. Madai yakizidi milioni moja huenda kwa mahakimu wa kawaida. Na dai la mapatano hufa baada ya miaka 6. Lakini aliyengoja miaka mitano, fundi wake amehama, na beringi zake zimekwisha uzwa kwa wanunuzi wa vyuma.

Kweli ya mdai

Hapa twataka kusimama kidogo, maana pana mtego. Aliyedhulumiwa huona kuwa kila afanyalo ni halali kwake. Akaongeza risiti ya uongo ya shilingi 30,000. Akamwambia fundi, "Andika kuwa na silinda hedi ilikuwa na ufa." Akaficha kuwa aliendesha siku tatu huku akisikia kugonga. Husema, "Yeye alinidanganya kwanza."

Tusisahau alivyotuonya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa kadiri asikiavyo. Na huenda mmoja wa wagombanao akawa na ulimi hodari kuliko mwenziwe, akahukumiwa kupewa haki ya nduguye, na kumbe amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haigeuzi haramu ikawa halali. Na hata kwa hesabu ya dunia, uongo mmoja ukifichuka huangusha kweli kumi zilizo nyuma yake. Hakimu akiiona risiti moja ya uongo, atazitilia shaka zote. Ikiwa uliendesha siku tatu, sema. Huenda ukapunguziwa fidia, lakini kilichobaki kitakuwa chako kwelikweli.

Vilevile fundi aitwaye kutoa ripoti ajue kuwa ameitwa kushuhudia. Asiandike asilolipima. Akiona kosa ni la aliyefunga injini na wala si la aliyeiuza, aseme hivyo hivyo, ijapokuwa aliyemlipa atanuna.

Kwa wenye kuuza, na kwa wenye nyumba

Enyi ndugu wenye maduka ya injini, maneno haya si vita juu yenu. Wengi wenu mwatengeneza kwa uaminifu, na mnaharibiwa jina na wapaka rangi. Andikeni vipuri mlivyobadilisha. Iwasheni injini mbele ya mnunuzi, pimeni mgandamizo wa kila silinda na mwandike kipimo. Toeni dhamana ya muda unaojulikana na masharti yake kwa Kiswahili kinachofahamika. Kama ni ya mtumba isiyofunguliwa, semeni ni ya mtumba. Atakayeitaka kwa bei yake atainunua. Biashara yenye kuelezana kweli ina baraka, na mwuzaji aliyeandika yote hana hofu ya kuitwa mahakamani.

Nanyi wenye nyumba, baba na mama pamoja, wekeni bahasha moja ya gari ndani ya sanduku. Ndani yake iwemo risiti yenye namba ya injini, hati zilizokuja nayo, dhamana, jina la fundi aliyeifunga na tarehe ya kila oili. Injini isiyo na hati msiinunue hata ikiwa nusu bei, maana huenda ikawa ni ya wizi. Tena injini ikibadilishwa namba mpya yatakiwa kuandikishwa kwa NTSA, nayo huandikishwa kwa hati. Mara nyingi mama ndiye akumbukaye karatasi zilipo, wakati baba amezifunika kwa vitambaa vya oili.

Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, jueni kuwa mkononi mwenu pana amana. Beringi mnayoitia leo bila kuipima itabeba gari lenye watoto wa shule. Kama mwajiri wako akikuambia, "Paka rangi, funga," mwambie kwa adabu kuwa hukupima bado.

Basi, ndugu msomaji, likikufika jambo hili usiketi ukalia, wala usiinue fimbo. Zima injini, andika siku ile ile, mwite mwuzaji aione, ifungue mbele ya mashahidi, hesabu hasara yako kwa kweli, kisha ipeleke panapostahili. Ukishinda, mshukuru Mungu na uchukue kilicho chako tu. Ukishindwa baada ya kufanya hayo yote, hapo ndipo pahali pa subira.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikia.